Tunu za Ukutani na Tunu za Wodini: Uongozi wa Kimaadili na Utamaduni wa Mahali pa Kazi

Utangulizi

Aingiaye katika hospitali zetu nyingi hukutana kwanza na ubao. Juu yake yameandikwa, kwa herufi kubwa, dira ya taasisi, dhamira yake na tunu zake za msingi: utu, uadilifu, uwajibikaji, ushirikiano, ubora. Hakuna anayezipinga tunu hizo. Hata hivyo, ubao wenye maneno hayo hayo waweza kutundikwa katika hospitali mbili, na hali ya kazi katika wodi zao ikatofautiana kama mbingu na ardhi.

Tuchukue mfano. Ni saa nane usiku. Daktari wa zamu, akiwa amechoka, anaagiza mgonjwa achomwe kloridi ya potasiamu moja kwa moja kwenye mshipa. Muuguzi mwenye mwaka mmoja kazini anafahamu kwamba dawa hiyo haitolewi hivyo. Sharti ichanganywe katika dripu na iingie polepole, kwa kuwa ikiingia kwa mkupuo yaweza kuusimamisha moyo. Katika sekunde chache alizonazo za kuamua, muuguzi huyo haukumbuki ubao wa mapokezi. Anakumbuka yaliyompata mwenzake aliyethubutu kumhoji daktari. Je, alishukuriwa? Alikaripiwa mbele ya wagonjwa? Alihamishwa wodi?

Hoja ya makala haya ni kwamba tunu za kweli za taasisi hujulikana kwa gharama anayoilipa mtumishi wa cheo cha chini anaposema kweli. Gharama hiyo ikiwa kubwa, watumishi watanyamaza hata kama ubao umejaa maneno mazuri. Kazi kubwa ya kiongozi anayeongozwa na maadili ni kuishusha gharama hiyo, na pale inapobidi, kuilipa yeye mwenyewe.

Tunu, kanuni na utamaduni

Ni vyema kwanza tutenganishe maneno matatu yanayochanganywa mara kwa mara. Kanuni ni agizo lililoandikwa, lenye adhabu kwa anayelivunja. Tunu ni jambo ambalo taasisi inalithamini kiasi cha kuwa tayari kupoteza kitu kwa ajili yake: fedha, muda, sifa au urahisi. Utamaduni wa mahali pa kazi ni desturi zisizoandikwa ambazo mgeni hujifunza katika wiki zake za kwanza kwa kutazama wenyeji: nani husikilizwa, nani hukatizwa anapoongea, jambo gani halitajwi kabisa.

Edgar Schein, mtaalamu wa Marekani aliyechapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu utamaduni wa taasisi na uongozi mwaka 1985, aliugawa utamaduni katika ngazi tatu. Ya kwanza ni mambo yanayoonekana kwa macho, kama majengo, sare na mabango. Ya pili ni tunu zinazotamkwa. Ya tatu, iliyo ya ndani zaidi, ni imani ambazo watu hawazisemi kwa sababu wanaziona kuwa ni hali ya kawaida ya dunia. Kwa maelezo yake, kiongozi huijenga ngazi hii ya tatu kwa matendo zaidi kuliko hotuba. Huijenga kwa mambo anayoyafuatilia kila siku, kwa namna anavyopokea habari mbaya, na kwa aina ya watu anaowapandisha vyeo.

Kwa hiyo watumishi wakitaka kujua tunu za mkuu wao, hawahitaji kumuuliza. Hutazama anachouliza kwanza afikapo asubuhi. Mkuu anayeanza na makusanyo ya jana amekwisha kufundisha somo. Anayeanza kwa kuuliza ni mgonjwa yupi aliyewatia hofu usiku naye amefundisha lake.

Heshima na woga

Katika jamii yetu mada hii ina ugumu wake. Tumelelewa kumwamkia mkubwa, kutomkatiza na kutomkosoa hadharani. Methali hutufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Malezi hayo ni hazina. Wodi ambayo vijana hawawaheshimu waliotangulia haiwezi kufundisha wala kutibu.

Lakini ndani ya chumba cha upasuaji methali hiyo hugeuka upande wa pili: mkuu asiposikia la mdogo, guu linalovunjika si lake, ni la mgonjwa. Tunapaswa basi kutofautisha heshima na woga. Mwenye heshima husema kweli kwa adabu. Mwenye woga hunyamaza, na kwa nje mtu hawezi kuwatofautisha hadi siku jambo linapoharibika. Lugha yetu ina adabu ya kutosha kubeba ukweli wowote. Muuguzi wa mfano wetu aweza kusema, "Samahani, Dokta, naomba tusimame kidogo, dawa hii naifahamu kuwa ni ya kuchanganya kwenye dripu." Katika maneno hayo hamna utovu wa nidhamu. Linalotakiwa ni daktari ajibu, "Ahsante, Sista, umeniokoa," na mkuu wa idara asikie kwamba alijibu hivyo.

Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU wazikubali kasoro zao na kuzipima hoja kwa ukweli wake, bila kujali cheo cha anayezitoa. Aliyaandika hayo kwa chama cha siasa, lakini wodi ya hospitali inayahitaji vilevile.

Takwimu zinapochukua nafasi ya tunu

Hospitali ya Stafford nchini Uingereza ni mfano unaosomwa duniani kote. Kati ya mwaka 2005 na 2009 uongozi wake ulijielekeza katika kubana matumizi na kupata hadhi ya juu ya kujiendesha, hadhi ambayo iliipata mwaka 2008. Idadi ya wauguzi ilipunguzwa. Katika idara ya dharura, wahudumu wa mapokezi wasio na mafunzo ya tiba waliachiwa kazi ya kuwatazama wagonjwa kwa mara ya kwanza. Wagonjwa waliachwa katika mashuka machafu, na wengine hawakusaidiwa kula wala kunywa.

Ripoti ya uchunguzi wa umma ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis ilitolewa Februari 2013, ikiwa na mapendekezo 290. Haikueleza maafa hayo kuwa kazi ya watu wachache wakatili. Ilieleza utamaduni. Idara ya dharura ilikuwa na lengo la kuwahudumia wagonjwa ndani ya saa 4, na watumishi walishinikizwa kulifikia, hata kwa kuandika muda usio wa kweli. Muuguzi aliyetoa taarifa kuhusu jambo hilo alitishwa na wenzake. Viongozi walisoma taarifa zilizoonesha kwamba malengo yamefikiwa, wakaamini kuwa mambo ni shwari. Baada ya ripoti hiyo, mwaka 2014 Uingereza iliweka wajibu wa kisheria kwa hospitali kumweleza mgonjwa ukweli anapodhurika na huduma.

Hospitali ile ilikuwa na malengo, na watumishi waliyajua vizuri sana. Kilichokosekana ni kiongozi wa kuuliza: lengo hili linafikiwa kwa gharama ya nani? Kipimo ni chombo kizuri kikiitumikia tunu. Kikiachwa peke yake hugeuka kuwa tunu, na watu huacha kumtazama mgonjwa, wakatazama karatasi.

Tunu inapopewa mamlaka

Mfano wa pili unatoka Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Mwaka 2001 Dkt. Peter Pronovost, mtaalamu wa wagonjwa mahututi, alikabili tatizo la maambukizi ya damu yatokanayo na mirija inayowekwa katika mishipa mikuu. Aliandika hatua 5 ambazo kila daktari alikwisha kuzijua: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kumfunika mgonjwa kwa shuka safi huku daktari akivaa kofia, barakoa, gauni na glavu, kuepuka mshipa wa kinena inapowezekana, na kuuondoa mrija usiohitajika tena.

Hatua hizo hazikuwa na jipya. Jipya lilikuwa kwamba wauguzi waliombwa kumtazama daktari anapoweka mrija, na uongozi ukawapa mamlaka ya kumsimamisha akiruka hatua. Muuguzi aliyemsimamisha bingwa alijua kwamba utawala ungesimama upande wake. Aidha, ilibainika kwamba daktari alilazimika kukusanya vifaa kutoka sehemu 8 tofauti, navyo vikawekwa katika kitoroli kimoja. Yaani uongozi haukutosheka kudai utii. Uliondoa kwanza kisingizio.

Mpango huo ulipopelekwa katika jimbo la Michigan, matokeo kutoka vitengo 103 vya wagonjwa mahututi yalichapishwa mwaka 2006. Wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya mirija, ndani ya miezi 18. Kila kitengo kilipangiwa kiongozi mwandamizi wa hospitali wa kukitembelea. Viongozi hao waligundua kwamba katika vitengo vingi klorheksidini haikuwepo, wakahakikisha inapatikana. Tunu ya usalama ilikuwa imefika mahali ambapo mabango hayafiki: katika fomu ya manunuzi.

Karatasi moja, matokeo mawili

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa orodha hakiki ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani, uliofanyika katika hospitali 8 za miji 8 duniani. Mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa Tanzania, pamoja na London, Toronto, Manila na mingineyo. Vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11.0 hadi 7.0. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulionesha kwamba pale ambapo mitazamo ya watumishi kuhusu usalama iliboreka zaidi, madhara nayo yalielekea kupungua zaidi.

Mwaka 2014 yakatoka matokeo kutoka jimbo la Ontario, Kanada, ambako hospitali 101 zilikuwa zimeanza kutumia orodha za namna hiyo baada ya serikali kuzitaka zitoe taarifa za matumizi yake. Hospitali ziliripoti kuitumia kwa zaidi ya asilimia 90. Hata hivyo vifo vilibadilika kidogo tu, kutoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kuthibitishwa. Wataalamu wamejadiliana kuhusu sababu. Wapo wanaotaja kwamba kipindi kilichopimwa kilikuwa kifupi, na wapo wanaosema kwamba kuagiza fomu si sawa na kuwaandaa watu.

Mimi naegemea kauli hii ya pili kwa sababu ya kile kilichomo ndani ya orodha yenyewe. Kabla ya ngozi kukatwa, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi kila mmoja husema jambo analolihofia. Dakika hiyo huigeuza sauti ya muuguzi kuwa sehemu ya kazi, isionekane kuwa ukaidi. Palipo na kiongozi anayeiheshimu dakika hiyo, orodha huokoa. Palipo na kiongozi anayejaza visanduku vyote baada ya upasuaji kwisha, karatasi ni ile ile, lakini hakuna aliyesikilizwa.

Onyo: makosa yataonekana kuongezeka

Kiongozi anayeanza safari hii hana budi kujua kwamba takwimu zake za mwanzo zaweza kumtisha. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alilinganisha makosa ya dawa katika vitengo vya hospitali huko Marekani. Alitarajia kuwa vitengo vyenye uongozi mzuri vingekuwa na makosa machache. Alikuta kinyume chake: ndivyo vilivyokuwa na makosa mengi zaidi yaliyobainishwa. Alipochunguza kwa undani, maelezo yaliyojitokeza ni kwamba katika vitengo hivyo watu hawakuogopa kuyasema. Kwingineko makosa yalifichwa.

Wodi isiyo na taarifa hata moja ya kosa kwa mwaka mzima isipewe cheti haraka. Iulizwe kwanza kama watu wake wanaruhusiwa kusema.

Mambo matano ya kutenda

Yafuatayo yanaweza kuanzwa na mganga mfawidhi wa kituo, muuguzi kiongozi wa wodi au mkuu wa idara.

1. Achague tunu moja na kuigeuza tendo. "Usalama" ni neno. "Mtu yeyote, akiwemo mwanafunzi, akisema naomba tusimame, sote tunasimama" ni tendo. "Utu" ni neno. Kutomwita mgonjwa kwa namba ya kitanda wakati wa raundi ni tendo.

2. Ashukuru tahadhari hata inapokuwa si sahihi. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, muuguzi wa upasuaji alihesabu gozi akaona imepungua moja. Daktari aliacha kushona, tukatafuta kwa dakika kadhaa, nayo ikapatikana chini ya meza. Daktari akamshukuru mbele yetu sote, akaendelea kushona. Tangu siku hiyo hesabu katika chumba kile ilifanywa kwa sauti. Angesema tu "umetupotezea muda", safari iliyofuata muuguzi angehesabu kimoyomoyo.

3. Aulize maswali yanayojibika. "Kuna swali?" hujibiwa kwa ukimya. "Ni jambo gani laweza kutuharibikia kwa mgonjwa huyu leo?" hudai jibu. Na ni vizuri mdogo wa cheo aanze kuongea, kwani mkubwa akitangulia, wengine hukubaliana naye.

4. Aioneshe tunu katika bajeti na ratiba. Kumdai muuguzi anawe mikono mahali ambapo bomba halitoi maji ni kumwonea. Kiongozi asiyefuatilia maji, sabuni, glavu na idadi ya watumishi wa zamu ya usiku hana haki ya kuhubiri usalama.

5. Asimlinde mkosefu kwa sababu ya kipaji chake. Mtihani mgumu kuliko yote ni bingwa hodari mwenye ulimi mkali, ambaye wagonjwa wanamhitaji na wauguzi wanamwogopa. Kila siku anayoachwa aendelee kutukana, watumishi wote husoma kwamba tunu za taasisi zina bei, na bei hiyo ni ustadi wa mtu mmoja. Asemwe kwa faragha, apewe nafasi ya kujirekebisha, na asipobadilika hatua zichukuliwe.

Je, huku si kulea uzembe?

Swali hili huulizwa na wakuu wengi, nalo lina haki ya kujibiwa. Utamaduni wa haki hautaki kila kitu kisamehewe. Hutofautisha mambo matatu. La kwanza ni kosa la kibinadamu, kama kushika chupa inayofanana na nyingine. Aliyelifanya hufarijiwa, na chupa hizo hutenganishwa kabatini. La pili ni mazoea hatarishi, kama kutosoma jina la mgonjwa kwa sababu "wodi nzima hufanya hivyo". Hapa panahitajika mafunzo na usimamizi. La tatu ni kupuuza kwa makusudi hatari inayojulikana, na hili hustahili adhabu. Kiongozi anayeadhibu yote matatu sawasawa hazuii uzembe, anazuia taarifa. Vikao vya kujadili vifo vya wajawazito na watoto wachanga hufaulu au kufeli kwa jambo hili hili. Kikao kinachotafuta nani wa kulaumiwa hupata mafaili yenye kurasa zilizonyofolewa. Kikao kinachotafuta nini kilikwama hupata maelezo kamili.

Wapo pia wasemao kwamba hayo ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba uhaba wa watumishi na vifaa ndio tatizo letu. Uhaba upo, na hakuna uongozi unaoweza kuufuta kwa maneno. Lakini kumsikiliza muuguzi hakuhitaji fedha ya kigeni. Tena, mahali penye watu wachache, kila jicho la ziada lina thamani kubwa zaidi. Wodi yenye daktari mmoja na wauguzi wawili haiwezi kumudu kuwanyamazisha wawili hao.

Hitimisho

Uongozi wa kimaadili hauanzi na semina wala na ubao mpya. Huanza pale habari mbaya inapofika mezani kwa mkuu, na wote waliomo ndani wanamtazama atafanya nini. Akiipokea kwa utulivu, akauliza, akashukuru, akarekebisha, amejenga. Akitafuta wa kumwangushia lawama, amebomoa kilichojengwa kwa miezi. Muuguzi wa saa nane usiku ataamua kwa kufuata alichokiona siku hiyo, na mgonjwa wake ataishi au atakufa kwa uamuzi huo.

Maswali ya kujadili katika kikao cha idara

1. Ni lini mara ya mwisho mtumishi wa cheo cha chini alimsimamisha mkubwa wake katika idara yetu? Alitendewaje baadaye?
2. Kati ya tunu zilizoandikwa ukutani kwetu, ipi tumewahi kuigharimia? Ipi hatujawahi?
3. Ni lengo gani la takwimu ambalo sisi hulifikia kwa gharama ya mgonjwa?
4. Wasaidizi wa afya, wahudumu wa usafi na wanafunzi wanajua wamwambie nani wanapoona hatari? Waulizwe wao wenyewe, tusiwajibie.